Dashibodi ilikuwa kijani, wagonjwa walikuwa kwenye benchi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno juu ya makala mliyoichapa wiki mbili zilizopita katika safu ya teknolojia, ile iliyosifu programu za kufuatilia na kusimamia kanzidata, yaani ghala la kompyuta linalotunza taarifa za taasisi. Mwandishi aliandika vizuri na mengi aliyoyasema ni kweli. Lakini alifika mahali akasema kwamba kwa zana hizi mpya taasisi haina haja tena ya mtu wa kukesha na kanzidata, kwa kuwa skrini moja yenye rangi humwonyesha meneja kila kitu. Hapo nilishindwa kunyamaza. Mtu huyo wa kukesha ni mimi. Nimetunza kanzidata kwa miaka 14, tisa ya mwisho nikiwa hospitalini, na skrini hiyo ya rangi iko mezani kwangu kila siku.

Nianze na usiku mmoja. Saa saba na robo simu iliita. Alikuwa muuguzi wa zamu katika mapokezi ya dharura.

"Dada, samahani kukuamsha. Kompyuta zote zimeganda. Naandika jina la mgonjwa, kiduara kinazunguka tu. Nina watu sita kwenye benchi hapa, na mama mmoja uchungu umeshamshika."

Nilimwambia aandike kwenye daftari kwanza, nami nikafungua kompyuta yangu pale pale kitandani. Dashibodi, yaani ile skrini ya rangi, ilikuwa kijani. Prosesa ya seva, kompyuta kuu inayobeba kanzidata, ilikuwa ikifanya kazi kwa asilimia 6, kumbukumbu ya seva ilikuwa na nafasi tele, diski imejaa nusu tu, na idadi ya wagonjwa waliosajiliwa imeandikwa kwa tarakimu kubwa katikati ya skrini. Hakukuwa na onyo hata moja. Nikaamini. Nikampigia mwenzangu wa mtandao nikamwamsha na yeye, akapima nyaya na vifaa vyake, akakuta viko salama. Nikamwomba muuguzi azime kompyuta zake aziwashe upya. Dakika 25 zikapita hivyo, na mama yule yuko palepale.

Chanzo nilikuja kukipata baadaye, na naomba wasomaji wanivumilie nikieleze chote, kwa sababu hoja yangu yote imo humo.

Jioni ya siku ile kijana wetu mmoja, mchapakazi na makini, alifungua jedwali la wagonjwa kwa programu ya kusimamia kanzidata ili athibitishe taarifa ya mtu mmoja. Alisoma tu, hakubadilisha kitu. Lakini programu ile ilikuwa imepangwa kwamba kila ukiuliza kitu inafungua muamala, yaani kazi moja inayohesabiwa kuwa bado haijaisha, na muamala haufungwi mpaka mwenyewe uthibitishe au utengue. Kitu pekee kilichomwonyesha kwamba muamala bado uko wazi kilikuwa alama ndogo kwenye ukingo wa juu wa dirisha. Alifunga skrini kwa nenosiri kama tulivyomfundisha, kompyuta ikabaki imewaka, akaenda nyumbani.

Katika PostgreSQL, programu inayoendesha kanzidata yetu ya wagonjwa, hata kusoma kunaweka kufuli jepesi kwenye jedwali, na kufuli hilo hukaa mpaka muamala uishe. Halimsumbui mtu. Wengine wanasoma na kuandika kama kawaida, na hivyo ndivyo hospitali ilivyofanya kazi jioni nzima bila shida. Saa saba kamili usiku toleo jipya la mfumo wetu lilianza kujisakinisha lenyewe, na hatua yake mojawapo ilikuwa kuongeza safu wima moja kwenye jedwali la wagonjwa. Kazi hiyo inataka kufuli zito lisilovumiliana na mtu yeyote, hata msomaji. Ikasimama kulisubiri lile jepesi liondoke. Na kila aliyekuja baada yake, hata aliyetaka kusoma jina moja tu, ilimbidi apange mstari nyuma ya hilo zito. Foleni ya hospitali nzima ikajengeka nyuma ya mtu aliyekuwa amelala nyumbani kwake.

Sasa turudi kwenye ile asilimia 6. Anayesubiri hatumii prosesa. Utulivu ule wa seva ndio uliokuwa dalili ya ugonjwa, na programu ya ufuatiliaji iliusoma kuwa afya njema. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inapima ilichoambiwa ipime, na hakuna aliyeiambia itazame nani anamsubiri nani.

Nilipoacha kuiamini skrini na kujaribu kuingia kwenye kanzidata yenyewe, nilikataliwa: nafasi zimejaa. PostgreSQL isipobadilishwa inaruhusu miunganisho 100, na 3 kati ya hiyo imetengwa kwa msimamizi mkuu, ili siku ya dharura aweze kuingia. Zile 3 zilikuwa zimechukuliwa na programu ya ufuatiliaji. Walioisakinisha waliipa mamlaka ya msimamizi mkuu, na kila baada ya muda ilikuwa inahesabu wagonjwa wote waliosajiliwa ili itupatie ile tarakimu kubwa ya katikati. Swali lake likakwama kwenye foleni ile ile, likafuata la pili, likafuata la tatu. Na majibu yalipokosekana, skrini haikusema kwamba yamekosekana. Iliendelea kuonyesha tarakimu ya mwisho iliyokuwa nayo, kwa rangi ile ile ya kijani. Mlinzi amesimama mlangoni, na mwenye nyumba hawezi kupita.

Niliingia kwenye seva kwa njia nyingine, nikasitisha mmoja wa miunganisho ya programu hiyo, nikapata upenyo. Kanzidata yenyewe ina orodha yake ya ndani ya nani yuko, anafanya nini, tangu saa ngapi. Kijana wetu alikuwa humo, muamala wake uko wazi na hafanyi kitu, tangu saa kumi na dakika 12 jioni. Nilipoukata muunganisho wake, foleni yote ilipita kwa sekunde chache. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano. Muuguzi alinipigia akasema, "Imefunguka, dada," akakata simu, kwa sababu alikuwa na kazi.

Kesho yake katika kikao lilitafutwa jina la kuandika kwenye barua ya onyo. Nilikataa lisiwe la yule kijana. PostgreSQL imekuwa na mpangilio wa kukata muamala uliotelekezwa tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016, na isipoambiwa, mpangilio huo umezimwa. Kuna mpangilio mwingine wa kuiambia kazi kama ile ya saa saba kwamba ikikosa kufuli ndani ya sekunde kadhaa iache, ijaribu baadaye. Nao umezimwa. Kuviwasha ilikuwa kazi yangu, na sikuwa nimeifanya. Nilisema hivyo mbele ya wote. Nimeshaviwasha.

Mkurugenzi wetu aliuliza swali lake: kwa nini skrini haikusema? Lilikuwa swali la haki. Zana ile ilinunuliwa miezi minane kabla ya usiku huo, na siku ya kuonyeshwa nilikuwepo, nimekaa kiti cha nyuma. Muuzaji aliweka grafu kwenye ukuta mzima. Mistari ilipanda na kushuka, ramani ikawaka vidoti, wakubwa wakafurahi. Niliponyoosha mkono nikauliza kama inaonyesha nani anamsubiri nani, nilijibiwa kwamba hilo limo katika kifurushi cha juu. Mazungumzo yakaendelea na rangi za ripoti za kila mwezi.

Huu ndio mzizi wa malalamiko yangu, Ndugu Mhariri. Zana hizi zinaonyeshwa kwa anayenunua, mchana, kanzidata ikiwa nzima. Anayezitumia ni mtu mwingine, usiku, kanzidata ikiwa mahututi. Kinachompendeza wa kwanza mara nyingi hakimsaidii wa pili.

Chukua suala la wastani. Karibu kila dashibodi inakuwekea wastani wa muda wa majibu mahali pa heshima. Tuseme katika dakika moja yameingia maombi 1,000. Maombi 990 yamejibiwa kwa milisekunde 10 kila moja (milisekunde 1,000 ni sekunde moja), na 10 yamechukua sekunde 8 kila moja. Wastani unatoka milisekunde 90 hivi. Mstari unakaa chini, umenyooka. Hakuna hata mtu mmoja aliyejibiwa kwa milisekunde 90: wako waliofurahi na wako kumi waliokodolea macho skrini tupu, pengine walewale kila dakika, kwa sababu faili la mgonjwa wa muda mrefu ndilo zito kuliko yote. Mgonjwa wa figo anayekuja mara tatu kwa wiki ndiye anayeumia. Zana nyingi zinaweza kukuonyesha hao kumi, lakini ni lazima uingie ndani ya menyu tatu ukabadilishe kipimo mwenyewe.

Kuna na orodha ya maswali ya polepole, ambayo makala yenu iliisifu sana. Mfumo wa duka letu la dawa unatumia MySQL, programu nyingine ya kanzidata. Huko, orodha hiyo huanza ikiwa imezimwa, na ukiiwasha bila kugusa kingine inaandika swali lililozidi sekunde 10. La sekunde 9 linapita bila kuonekana. Tulishusha mpaka sekunde moja, na bado hatukumwona mwizi. Ukurasa wa hesabu ya dawa ulikuwa unaiuliza kanzidata dawa mojamoja badala ya kuiomba orodha nzima kwa mara moja. Kila swali lilichukua milisekunde 5, jambo dogo mno kwa orodha ya polepole. Lakini swali la milisekunde 5 likiulizwa mara milioni moja linakula sekunde 5,000, ambazo ni dakika 83 za kazi ya seva. Nililipata siku nilipoacha kupanga maswali kwa uzito wa kila moja nikayapanga kwa jumla ya muda wote. Lilikuwa la kwanza, likiwa limeyaacha mengine mbali.

Mfumo huo huo una seva pacha inayonakili kila kitu kutoka seva kuu, na ripoti zetu zinasomwa huko. Kipimo cha kuchelewa kwa pacha kilisoma 0 wiki nzima, na wiki nzima mfamasia alilalamika kwamba dawa aliyoitoa asubuhi bado inaonekana ipo. Nilimjibu kwamba pacha haijachelewa. Nilikosea, na nilimwomba radhi. Kipimo kile cha MySQL kinalinganisha yaliyokwisha kufika kwenye pacha na yaliyokwisha kutekelezwa pale. Mtandao ukiwa mzito na yakawa hayajafika, pacha haina deni inalolijua, inasema 0. Siku hizi tunaandika saa kwenye mstari mmoja wa seva kuu kila dakika, kisha tunausoma kwenye pacha. Ni amri mbili fupi, na ninaziamini kuliko kile kipimo.

Nikija kwenye kengele, naomba radhi kama nitapandisha sauti. Wiki ya kwanza ya zana ile nilipokea ujumbe zaidi ya 300. Diski imefika asilimia 80. Diski imeshuka asilimia 79. Diski imefika asilimia 80. Asilimia yenyewe haina maana bila kujua ukubwa na mwendo: asilimia 10 ya mwisho ya diski ya gigabaiti 2,000 ni gigabaiti 200, na inaweza kutosha mwaka mzima, wakati sehemu hiyo hiyo ya diski ndogo inaisha kabla ya mapambazuko. Ninachotaka kuambiwa ni itajaa lini. Baada ya mwezi, mimi na wenzangu tulianza kupitisha kidole juu ya ujumbe bila kuusoma. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu najua maana yake. Kengele ikilia bure mara mia, mtu aliyechoka hataamka ya mia na moja, na hakuna semina itakayombadilisha. Tulikaa siku mbili tukafuta kengele zote, tukarudisha chache tu, kila moja ikiwa na jibu la swali moja: nikiamshwa na hii, nitafanya nini? Isiyokuwa na jibu haikurudi.

Hata hivyo kimya nacho kinatisha. Mkasa wa GitLab, kampuni inayowahifadhia kazi zao waandishi wa programu, wa tarehe 31 Januari 2017 unafahamika na wengi katika kazi yetu, kwa kuwa kampuni yenyewe iliueleza wazi mbele ya watu wote, na kwa hilo naiheshimu. Usiku ule mhandisi aliyekuwa amechoka kwa kazi ya saa nyingi alikusudia kufuta data kwenye seva pacha iliyokuwa na hitilafu, kumbe alikuwa ndani ya seva kuu. Majina ya seva zile yalitofautiana kwa tarakimu moja, moja na mbili. Aligundua baada ya sekunde moja au mbili akasimamisha, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki kama 4.5. Walipokimbilia nakala rudufu za kila siku, hazikuwepo. Programu ya kuzitengeneza ilikuwa ya toleo 9.2 wakati kanzidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo ilikuwa inashindwa. Na barua pepe za kuwaarifu kwamba inashindwa zilikuwa zinakataliwa mlangoni, kwa kukosa uthibitisho wa mtumaji. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya muda huo wa saa sita ilipotea.

Nikiusoma mkasa ule, wazo langu huenda kwenye barua pepe zile. Kengele ilikuwepo. Ilikuwa inalia kila siku. Kimya cha kikasha cha barua kilisomeka kuwa kazi inaendelea salama. Tangu hapo nimegeuza utaratibu: nakala rudufu ikifaulu inaandika tarehe yake mahali fulani, na kitu kingine kinapiga kelele tarehe hiyo ikizidi saa 26. Kisha kila Alhamisi ya pili ya mwezi tunairudisha nakala nzima kwenye mashine ya pembeni, na muuguzi mmoja anakuja kutafuta humo wagonjwa watano anaowajua. Mara ya kwanza tulifanya hivyo, picha za majibu ya maabara hazikuwemo. Dashibodi ilikuwa imeandika "imefaulu" kila usiku, nayo ilisema kweli, kwa maana ilifaulu kunakili ilichopangiwa, na folda ile haikupangwa.

Suala la madirisha yanayofanana halihitaji maneno mengi. Programu nyingi za kusimamia kanzidata zinakuruhusu kuipa kila seva rangi yake, lakini zinaanza zote zikiwa kijivu, na jina la seva liko pembeni kwa herufi ndogo. Yetu ya kweli sasa ina ukingo mwekundu pande zote nne, na ya majaribio ni ya bluu. Ilichukua dakika tano. Haki pia isemwe: MySQL Workbench ikisakinishwa tu inakataa kubadilisha au kufuta mistari usipoweka sharti linaloonyesha ipi. Ni ulinzi mzuri, na nimewaona watu wakiuzima siku ya kwanza kwa sababu unawachelewesha. Tafadhali msiuzime.

Kitufe ninachokiogopa kuliko vyote ni kile kilichoandikwa "Maliza", kinachokaa kando ya kila swali linaloendelea. Kabla sijaja hospitalini nilifanya kazi mahali ambapo amri moja ya kubadilisha mamilioni ya mistari ilikuwa imekwenda kwa muda wa saa tatu. Mkuu wangu alikuja akasimama nyuma ya kiti. "Iue hiyo." Nilimweleza kwamba injini ya kanzidata haiwezi kuiacha nusu, italazimika kutengua mstari mmoja mmoja, na kutengua kunaweza kuchukua muda kama ule ule au zaidi. Aliona kitufe kipo, akasema kingewekwa cha nini kama hakifanyi kazi. Nilikibofya. Swali likageuka kuwa "linamalizwa", na likabaki hivyo. Baada ya dakika 20 aliamuru seva izimwe na kuwashwa. Ilipoamka ikaendelea kutengua pale ilipoishia, kama inavyopaswa, maana vinginevyo data ingekuwa nusu ya zamani nusu mpya. Mistari iliyoguswa ilibaki imefungwa na asubuhi yote ikapotea. Yule mzee hakuwa mtu mbaya. Kitufe kilimwambia neno moja, na hakikumwambia gharama yake. Mtengenezaji angeweza kuandika hapo mistari mingapi imeshabadilishwa, na kwamba yote itarudishwa mmoja mmoja. Sijui kwa nini hawaandiki.

Kuna jambo lingine ambalo makala haikuligusa kabisa, nami nadhani ni zito kuliko vitufe. Programu nyingi za ufuatiliaji siku hizi zinapeleka zinachokusanya kwenye seva za mwenye programu, nje ya taasisi. Pamoja na namba za prosesa na diski, baadhi zinabeba maandishi ya maswali yenyewe. Sasa swali la hospitali ni nini? Ni "nipe majibu ya kipimo fulani ya mtu mwenye jina fulani na simu fulani". Siku moja nilifungua ukurasa wa maswali mazito kwenye dashibodi nikakuta jina kamili la mgonjwa na aina ya kipimo chake, mbele ya kila mwenye nenosiri la dashibodi, wakiwemo watu ambao kazi yao ni kuuza programu. Nilihisi baridi mwilini. PostgreSQL ina nyongeza inayokusanya takwimu za maswali huku ikiweka alama mahali pa majina na namba, lakini orodha ya maswali ya polepole huandika vyote jinsi vilivyo. Tulizima upelekaji siku hiyo hiyo, na tulipoomba yaliyokwisha kwenda yafutwe, ilichukua wiki tano kupata jibu.

Na ile mamlaka ya msimamizi mkuu waliyoipa zana yao wakati wa kusakinisha haikuwa ya lazima. Tangu toleo la 10 la mwaka 2017, PostgreSQL ina jukumu maalumu la kufuatilia, linaloruhusu kuona vipimo bila kuweza kubadilisha data. Mwongozo wa usakinishaji tuliopewa ulisema mpe mamlaka yote, kwa sababu ndiyo njia fupi ya kumaliza kazi na kuondoka. Leseni nazo zina mitego yake. Katika programu ya kanzidata ya Oracle, toleo la Enterprise, ripoti za kina za utendaji huja zimewashwa tayari, lakini kuzitumia kunataka leseni ya ziada. Mtumishi mgeni anafungua ripoti kwa nia njema, na taasisi inakuwa imeshaingia kwenye deni bila kujua.

Sisemi zana hizi zitupwe. Bila grafu nisingejua kwamba kila Jumatatu saa tatu asubuhi mzigo wetu unapanda mara nne. Ninachopinga ni kumwambia mkurugenzi, kupitia gazeti linaloheshimika, kwamba akishanunua skrini anaweza kumwondoa anayejua maana ya kilichomo ndani yake.

Mwezi uliopita alikuja muuzaji mwingine. Safari hii nilikaa mbele, na kabla hajawasha grafu zake niliomba dakika mbili. Kwenye kanzidata ya majaribio nilifungua madirisha matatu. La kwanza likasoma jedwali na kuacha muamala wazi. La pili likajaribu kuongeza safu wima. La tatu likaomba kusoma mstari mmoja, likakwama. Kisha nikamwomba atuonyeshe programu yake inaona nini. Sote tukatazama ukutani, mkurugenzi, muuguzi mkuu, kijana wetu na mimi. Dakika moja ikapita. Ya pili ikapita. Duara lilibaki kijani, prosesa asilimia 2.

Mkurugenzi alimshukuru muuzaji kwa kufika. Kisha akaniomba nimwandikie hatua zile tatu kwenye karatasi, akaibandika juu ya fomu ya manunuzi.

Mwandishi wenu akizihitaji, nimeziambatisha nyuma ya barua hii.

Mtunza kanzidata, hospitalini
(Jina na anwani vimehifadhiwa)